Usikimbilie Kukata: Udhaifu wa Umbo katika Mchezo wa Go

Katika bao, kete huzunguka kutoka shimo hadi shimo na sura ya mchezo hugeuka kila mkono unapopita. Katika dama na sataranji, kete iliyokaa vibaya inaweza kusogezwa. Mchezo wa Go haumpi mtu nafuu hiyo. Kete ikishawekwa ubaoni haisogei tena mpaka mwisho, isipokuwa itekwe na kuondolewa. Kwa hiyo kosa la kupanga kete halipiti. Linabaki palepale, wazi mbele ya wachezaji wote wawili, na yeyote anaweza kulirudia baada ya zamu mia moja. Ndiyo maana wachezaji wa Go huzungumzia sana umbo, yaani namna kete za rangi moja zilivyopangana na kusaidiana, na ndiyo maana sehemu kubwa ya ustadi wao ni kujua la kufanya mpinzani anapokuwa na umbo bovu. Wengi wakiliona hulivamia hapo hapo, na hapo ndipo wanapopoteza. Udhaifu mmoja ukishambuliwa peke yake hauna faida kubwa, kwa kuwa mpinzani anayo zamu ya kujibu. Faida huja pale udhaifu huo unapokutanishwa na mwingine, kete moja ikauliza maswali mawili kwa mtu mwenye jibu moja.

Kwa asiyeujua mchezo, kanuni ni chache. Go ulianza China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wachina huuita weiqi, Wakorea baduk, na jina la Go lilienea duniani kutoka Japani. Ubao kamili una mistari 19 kwa 19, na kete huwekwa pale mistari inapokutana, si ndani ya vyumba, kwa hiyo nafasi ni 361. Nyeusi huanza, kisha kila mtu huweka kete moja kwa zamu. Lengo ni kuzungushia eneo kubwa kuliko la mwenzako. Kila nafasi tupu iliyopakana na kete kwa mstari ni pumzi ya kete hiyo: iliyo katikati ya ubao ina pumzi nne, iliyo ukingoni tatu, iliyo kwenye pembe mbili. Kete za rangi moja zilizogusana kwenye mstari huwa kundi moja na kutumia pumzi zao kwa pamoja. Adui akiziba pumzi zote, kundi zima linatekwa. Kundi lenye vyumba viwili tofauti vya ndani, vinavyoitwa macho, haliwezi kutekwa kamwe, kwa sababu adui hawezi kuviziba vyote kwa zamu moja. Sababu hiyo ya mwisho inastahili kukumbukwa, maana karibu kila kitu kitakachofuata kinaitegemea.

Watu husikia neno umbo wakadhani ni suala la uzuri wa macho. Si hivyo, umbo ni hesabu. Panga kete tatu kwenye mstari mmoja katikati ya ubao, uhesabu pumzi zake: ni nane. Zichukue kete hizo hizo tatu uzikunje, ziwe kona yenye nafasi moja tupu ndani ya mkunjo. Pumzi zimekuwa saba, kwa kuwa ile nafasi ya ndani inapakana na kete mbili kwa mara moja. Wachezaji huliita umbo hili pembetatu tupu, na ni jambo la kwanza ambalo kila mwalimu humkataza mwanafunzi. Kete nne zilizonyooka zina pumzi 10. Nne zilizorundikana kama mraba zina nane tu, sawasawa na tatu zilizonyooka, maana yake kete ya nne haikuongeza chochote. Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Kete mbili zilizokaa kimshazari, ingawa hazigusani kwenye mstari, kwa kawaida zimeshaungana, kwa sababu kuna nafasi mbili za kuziunganisha: adui akichukua moja, mwenyewe anachukua ya pili. Sasa itazame tena pembetatu tupu. Ndani yake zimo kete mbili za mshazari, na ya tatu imewekwa kuunganisha vitu vilivyokwisha kuungana. Mwenye kete ametumia zamu nzima kununua alichokuwa nacho, na akapunguziwa pumzi juu yake.

Udhaifu hukaa sehemu tatu. Upo kwenye viungo, mahali ambapo adui anaweza kukata kundi likawa vipande viwili. Upo kwenye pumzi, kundi linapokuwa na chache kiasi kwamba haliwezi kumjibu adui bila kujihatarisha. Na upo kwenye macho. Huu wa tatu ndio unaoonyesha vizuri zaidi jinsi nafasi moja inavyoweza kuamua uhai. Chukua kundi lililozingirwa kabisa, ambalo ndani yake zimebaki nafasi tatu tupu zilizonyooka kwenye mstari. Mwenye kundi akiweka kete katikati, anapata macho mawili na kundi linaishi. Adui akiitangulia nafasi hiyo hiyo, kundi limekufa. Nafasi bora ya mmoja ndiyo nafasi bora ya mwingine. Zikiwa nne zilizonyooka, kundi linaishi hata adui akitangulia, kwani nafasi za katikati ni mbili: akichukua moja, unachukua ya pili. Lakini nne zile zile zikikaa kama mraba, kundi limekufa hata kama mwenyewe ndiye anayeanza. Idadi ni moja, majaliwa ni tofauti. Kilicholiokoa kundi la mstari ndicho kilichoziokoa zile kete za mshazari: mlango wa pili. Na kinachoua ni kuufunga mlango huo kabla, au kumlazimisha mwenye nyumba aende kwingine wakati unafungwa.

Hapo ndipo mchezaji mchanga anapokosea. Ameambiwa atafute mahali pa kukata, akapaona, akakata. Hakujiuliza kete yake ya kukatia itaishi vipi. Kukata hugawa pande zote mbili, kwa sababu kete inayopita katikati ya kete za adui nayo imezungukwa na adui, ina pumzi mbili au tatu tu, na mara nyingi haina jicho hata moja karibu. Mpinzani aliyekatwa huimarisha upande mmoja huku akiikaba kete iliyomkata, na baada ya zamu tano sita anayekimbia ni mshambuliaji. Kosa lake dogo zaidi, lakini la kila siku, ni kuchungulia. Nyeusi ina kete mbili zilizoachana kwa nafasi moja, mruko wa kawaida kabisa wa kukimbilia katikati ya ubao. Nyeupe inaweka kete kando ya ule mwanya, ikitishia kupenya. Nyeusi inajaza mwanya. Nyeupe inaona raha kwa sababu Nyeusi imetii amri yake, lakini tazama kilichobaki: Nyeusi sasa ina kete tatu zilizonyooka, zisizokatika, zenye nguvu, na ule mwanya ambao ungeweza kuleta faida baadaye haupo tena. Kete ya kuchungulia huenda ikawa na kazi mahali hapo. Ikiwa haina, Nyeupe imemsaidia adui kuziba. Wachezaji wa zamani wana msemo unaokataza kuchungulia pale unapoweza kukata. Ningeongeza kwamba hata pale ambapo huwezi kukata leo, kuchungulia mapema ni kuiuza kesho kwa bei ya kutupa.

Kukata kwa maana hutokea hivi. Zirudie zile kete mbili za mshazari za Nyeusi, zenye nafasi mbili za kuunganishia. Zikiwa peke yake hazikatiki. Lakini tuseme karibu yake kuna kete ya tatu ya Nyeusi iliyobakiwa na pumzi mbili, na moja ya pumzi hizo ndiyo mojawapo ya nafasi zile za kuunganishia. Nyeupe ikiwa na kete jirani ya kujishikiza, inaweka kete hapo. Kete hiyo moja imeiacha kete ya tatu na pumzi moja, tayari kutekwa, na wakati huo huo imechukua nusu ya kiungo. Nyeusi ikiiokoa kete yake, Nyeupe inachukua nafasi ya pili na kundi limekatika. Nyeusi ikiunga, kete inatekwa, na kutekwa kwake kunaweza kuipa Nyeupe nguvu ya kulishambulia kundi lenyewe. Hakuna udhaifu hata mmoja kati ya hiyo miwili uliokuwa na maana ukiwa peke yake: kete yenye pumzi mbili ingeweza kukimbia, na kiungo cha mshazari kilikuwa salama. Zamu ni moja, mahitaji ni mawili. Hesabu hiyo haina ubishi, na haimtegemei mpinzani kuwa mjinga.

Kanuni hii haibadiliki ubao unapopanuka. Mpinzani akiwa na makundi mawili yasiyo na macho, kulifukuza moja moja hakuleti mengi. Kundi lenye njia ya kukimbilia katikati hulikamati kwa urahisi, na kila hatua unayolifukuza nalo linajijenga. Mchezaji mzoefu huweka kete yake katikati ya makundi hayo mawili, mahali panapoyagusa yote. Likikimbia moja, kete zinazolifukuza zinageuka ukuta dhidi ya la pili. Mara nyingi hakuna kundi linalokufa. Linaloishi huishi kwa kutambaa ukingoni na kujipatia macho mawili madogo, na mshambuliaji anabaki na eneo kubwa alilojijengea huku akifukuza. Wanaoanza huona hilo kama kushindwa kwa shambulio kwa sababu hawakuteka kitu. Hesabu ya mwisho wa mchezo haiulizi nani aliua. Inauliza nani ana eneo kubwa zaidi, na mapambano mengi kati ya wachezaji wakubwa huamuliwa kwa pointi chache tu.

Mfano unaojulikana kuliko yote wa kete moja kugusa udhaifu mwingi ulichezwa Seoul tarehe 13 Machi 2016. Lee Sedol, mmoja wa mabingwa wakubwa wa Korea Kusini, alikuwa ameshapoteza michezo mitatu mfululizo mbele ya AlphaGo, programu ya kampuni ya DeepMind ya London iliyo chini ya Google. Shindano la michezo mitano lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Katika mchezo wa nne Lee alishika kete nyeupe, akajikusanyia maeneo pembezoni, akaiacha Nyeusi ijenge katikati. Ukuta wa Nyeusi ulionekana mkubwa na wa kutisha, lakini haukuwa mzima: viungo kadhaa vilikuwa vyembamba, na kete za Nyeupe zilizobaki ndani hazikuwa zimekufa kabisa. Kila kasoro, peke yake, ilikuwa na jibu. Lee alitumia muda wake mwingi kufikiri, kisha zamu ya 78 akapiga kabari katikati ya kete mbili za Nyeusi, mahali ambapo AlphaGo yenyewe ilikuwa imekadiria kwamba binadamu angepacheza mara moja tu katika 10,000. Kabari ile haikukata kitu hapo hapo. Kazi yake ilikuwa kuzifanya zile kasoro ndogo zitegemeane, kiasi kwamba kuziba moja kulifungua nyingine. AlphaGo ilikosea jibu lake zamu ya 79, na wakati huo bado ilikuwa ikijipa nafasi ya kushinda ya takriban asilimia 70. Kwa mujibu wa Demis Hassabis, mkuu wa DeepMind, ilikuja kutambua hali yake karibu na zamu ya 87, makadirio yalipoporomoka. Lee alishinda mchezo ule. Ndio ushindi pekee alioupata, shindano likaisha kwa 4 kwa 1.

Kuna pingamizi zito kuhusu mchezo huu, na mtu mkweli hawezi kulikwepa. Uchambuzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba kabari ya 78 haikuwa na ushindi wa uhakika. Nyeusi ingejibu sawasawa, ingestahimili. Basi, atasema mwenye shaka, sifa zote hizi ni za bahati, na kutumia udhaifu wa umbo si chochote ila kumtegea mtu akosee. Nadhani anachanganya mambo mawili. Ipo hila ya kweli, ambayo mpinzani akijibu vyema wewe mwenyewe unabaki na hasara; anayeicheza anacheza kamari, na mbele ya mchezaji hodari atalipa. Ipo pia kete ambayo, hata ikijibiwa vizuri, haikuachi pabaya kuliko ulivyokuwa, lakini imeifanya njia ya mpinzani kuwa nyembamba. Lee alikuwa nyuma. Ule ukuta ungesimama, angepoteza. Kwa hiyo kabari haikumgharimu kitu alichokuwa nacho. Zaidi ya hilo, umbo bovu maana yake ni nini, kama si umbo ambalo mwenyewe analazimika kupata jibu moja sahihi kati ya mengi ya makosa? Umbo zuri humruhusu mtu ajibu kwa namna tatu na zote zikafaa. Anayemsukuma mpinzani kwenye uchochoro wenye jibu moja hajamtegea. Anamdai gharama ya zamu alizoziokoa pale alipoacha viungo vyake vikiwa vyembamba.

Pingamizi la pili linatoka kwa wachezaji wenyewe, na ndilo linalowafanya wengi wakimbilie kukata. Nikisubiri, wanasema, mpinzani ataziba. Ni kweli anaweza. Lakini kuziba kunamgharimu zamu, na zamu ina bei inayojulikana. Kwa sababu Nyeusi huanza, Nyeupe hupewa fidia: pointi 6.5 kwa kanuni za Japani na Korea, 7.5 kwa zile za China. Fikiria Nyeusi akiiacha zamu yake ya kwanza. Nyeupe sasa ndiye anayeanza, na bado fidia iko mkononi mwake, kwa hiyo amepata faida ya kuanza na malipo ya kutokuanza kwa pamoja, yaani takriban pointi 13 mpaka 15. Hiyo ndiyo thamani ya zamu moja mwanzoni mwa mchezo. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa nyumba ni kweli tupu. Katika Go anayeziba kila ufa mapema hujikuta ana nyumba imara na shamba lote limechukuliwa na jirani. Mpinzani akitumia zamu kuziba udhaifu ambao hujaugusa, wewe unacheza kwingine mara mbili mfululizo, na umeshalipwa. Ndiyo maana mchezaji hodari hukaa karibu na udhaifu bila kuugusa. Anacheza upande ambao kete zake zitaufanya udhaifu ule uwe wa hatari zaidi, na kila zamu mpinzani anabaki na uamuzi mgumu: azibe na kupitwa, au aache na kuhofia.

Kuna namna moja tu ya kuziba isiyo na hasara, nayo ni kuziba kwa kete yenye kazi nyingine. Mfano wake mkuu ni wa mwaka 1846, katika eneo la Osaka, kijana Shusaku wa nyumba ya Go ya Honinbo, mwenye umri wa miaka 17, alipokutana na Gennan Inseki, mkuu wa nyumba ya Inoue. Shusaku, aliyeshika nyeusi, alikosea mapema katika pigano la pembeni na kuachwa nyuma. Zamu ya 127 aliweka kete kuelekea katikati ya ubao. Kete ile ilipanua eneo lake la juu, ikapunguza nguvu za Nyeupe upande wa kulia, na kwa mbali ikazipa msaada kete zake nne dhaifu zilizokuwa chini. Imesimuliwa kwamba tabibu aliyekuwa akitazama, ambaye hakuwa mjuzi wa mchezo, alitambua kwamba Gennan ametikisika kwa kuwa masikio yake yalikuwa mekundu. Shusaku alishinda kwa pointi mbili. Wanaosimulia hushangaa uzuri wa kete ile. Kwangu mimi la kuzingatia ni kwamba ni kanuni ile ile ikitazamwa kutoka upande wa mlinzi. Gennan alikuwa na shabaha ya kushambulia, na Shusaku akaiondoa bila kutoa zamu. Anayesubiri, kwa hiyo, hana budi kujiuliza kila mara: je, ipo kete ambayo mpinzani angeifurahia hata kama asingekuwa na udhaifu, na ambayo itauziba njiani? Ikiwepo, muda wa kusubiri umekwisha. Ama uichukue nafasi hiyo wewe, ama utumie udhaifu sasa hivi.

Pingamizi la tatu ni la zama zetu. Programu za leo humshinda bingwa yeyote, na huwa zinacheza pembetatu tupu na maumbo mengine ambayo walimu waliyakemea kwa vizazi. Je, elimu ya umbo imebaki na kazi gani? Jibu ni kwamba programu hazikuifuta hesabu ya pumzi. Zinaifanya kwa kina zaidi. Pembetatu tupu ikichezwa pale inapookoa kundi au inapoua lingine, ubaya wake unafunikwa na faida iliyo kubwa zaidi, na mabingwa walilijua hilo kabla ya kompyuta. Binadamu anahitaji umbo kwa sababu hawezi kukokotoa kila tawi la mchezo. Umbo humwambia pa kuanza kutazama. Likishamwonyesha mahali, hana ruhusa ya kuacha kuhesabu, kwani shambulio linalotegemea umbo bila hesabu ni kubahatisha.

Na mashine zenyewe zimetoa ushahidi wa ajabu juu ya jambo hili. Watafiti waliochunguza KataGo, programu huria yenye uwezo unaozidi wa binadamu, walifunza programu nyingine kazi moja tu ya kutafuta pale KataGo inapokosea. Ilipapata. Kundi la KataGo likijikunja na kufunga kama pete, KataGo ilikadiria vibaya usalama wake, ikaliona lina uhai ambao halikuwa nao. Mshambuliaji huyo alishinda zaidi ya asilimia 97 ya michezo dhidi ya KataGo iliyowekwa kwenye kiwango cha kumshinda binadamu. Mwanzoni mwa 2023 ikaripotiwa kwamba Kellin Pelrine, mchezaji wa ridhaa kutoka Marekani, alijifunza mbinu hiyo na kushinda michezo 14 kati ya 15 dhidi ya programu iliyotumia KataGo, bila msaada wa kompyuta alipokuwa akicheza. Namna alivyofanya ndiyo inayonivutia. Hakulivamia kundi lile. Alilizungushia kete taratibu kutoka nje, huku akicheza kwenye pembe nyingine ili mchezo uendelee kuonekana wa kawaida, na programu ikaendelea kujibu kwingine hadi pumzi zilipokuwa chache mno kuokolewa. Angeanza kwa kulikaba kundi moja kwa moja, programu ingejitoa mapema. Subira yake ilikuwa ndiyo shambulio lenyewe.

Haya yote hayamaanishi kwamba kusubiri ni sawa daima. Iko hali ambapo kukata mara moja ndiyo kete pekee ya maana: pale kukata kunapoteka kitu kwa uhakika, pale mpinzani anapokaribia kuziba kwa faida, na pale kundi lako mwenyewe litakapokufa usipofanya hivyo. Mwenye kundi dhaifu jirani hana anasa ya kusubiri, kwa sababu udhaifu wake nao unasubiriwa. Kabla ya kuutazama ufa wa mwenzako, hesabu pumzi zako. Wachezaji wengi wa kati hupoteza michezo mizuri si kwa kutoona udhaifu wa adui, bali kwa kuufuata na kundi lisilo na macho nyuma yao.

Anayetaka kujionea asianze na ubao mkubwa. Ubao mdogo wa mistari 9 kwa 9 una nafasi 81, mchezo wake huisha kwa muda mfupi, na unaweza kuchorwa kwa rula kwenye kadibodi na kuchezwa kwa kete za bao au vifuniko vya chupa vya rangi mbili. Cheza na mwenzako wa kiwango chako, mwandike kila zamu, na mchezo ukiisha rudini pale kukata kwa kwanza kulipofanyika. Ulizeni: kete ile ilitishia mambo mangapi? Kama ilitishia moja tu, irudisheni nyuma, muweke kete mahali pengine karibu yake, na muucheze mchezo upya kuanzia hapo.